Kwenye kona, abiria ni robo ya pikipiki

Hebu jaribu kukumbuka. Mara ya mwisho ulipopanda bodaboda ikafika kwenye kona kali, mwili wako uliufanya nini? Ulilala pamoja na pikipiki? Ulikaa wima kama nguzo? Au ulijivuta upande wa pili ili "kuisaidia" isianguke?

Wengi hawakumbuki. Mimi nakumbuka vizuri sana, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Nilikuwa natoka Bugando, nashuka kurudi Mirongo. Nilivaa gauni refu, kwa hiyo nilikaa upande, miguu kushoto, kama mama zetu wanavyokaa. Dereva alikuwa kijana wa kijiwe cha karibu na kwetu. Tunafahamiana, ananiita dada msomi. Tulipofika kwenye kona inayopinda kushoto, aliilaza pikipiki vizuri tu. Mimi nikaiona lami inasogelea magoti yangu, nikaogopa, nikajivuta kulia kwa nguvu zote. Pikipiki ikatoka kwenye mstari wake ikasogea katikati ya barabara, na Hiace ilikuwa inapanda. Akakanyaga breki, tairi la nyuma likateleza, tukalala. Hiace ikasimama hatua chache kutoka tulipokuwa. Mimi nilichubuka kiwiko na magoti. Yeye alivunjika mtulinga.

Waliokusanyika walishakuwa na hukumu: "Hawa bodaboda bhana, mwendo!" Nami nilikaa kimya. Kusema kweli, hata mimi niliamini hivyo. Ilinichukua karibu mwaka mzima, na vitabu kadhaa vya mekanika nilivyokuwa nasoma kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamili, kuanza kushuku kwamba hukumu ile ilimwangukia mtu asiyestahili.

Kwa hiyo leo tunafuatilia historia ya jambo moja dogo: chombo cha magurudumu mawili kinakataje kona? Tutapita Ujerumani, Scotland, Busia na Japani, kisha turudi Mirongo. Njiani tutalinganisha pikipiki ya kifahari ya safari ndefu na hii ya kijiweni kwetu, tuone zinatofautiana wapi hasa barabara inapojipinda. Twende taratibu.

Swali ambalo karibu kila mtu hulikosea

Mwulize mtu yeyote anayejua baiskeli: ukitaka kwenda kushoto, unafanyaje? Atakwambia, "Nageuza usukani kushoto." Jibu linaonekana halina ubishi. Lakini si kweli, au tuseme, si ukweli wote.

Wilbur Wright, yule ambaye yeye na mdogo wake Orville waliirusha ndege mwaka 1903, alikuwa fundi na mtengenezaji wa baiskeli pale Dayton, Ohio. Aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wengi swali hilohilo, na akashangaa kwamba hakuna aliyelieleza sawasawa mara ya kwanza. Maana kinachotokea ni hiki: ili kwenda kushoto, kwanza unageuza usukani kidogo *kulia*. Kidogo sana, kwa muda mfupi sana, hata mwenyewe hujui kama umefanya. Gurudumu la mbele linatoka chini yako kwenda kulia, mwili wako na chombo vinaanza kuangukia kushoto, na hapo ndipo usukani unafuata kushoto ili kuudaka ule mwanguko. Kona yote ni mwanguko uliodakwa.

Ukitaka kuthibitisha, tafuta uwanja mtupu, panda baiskeli, iende mwendo wa kutosha. Weka kiganja cha kushoto tu kwenye usukani, usiushike, kisha sukuma mbele taratibu. Kwa akili ya kawaida, kusukuma mkono wa kushoto mbele kunageuza gurudumu kulia, kwa hiyo ungetegemea kwenda kulia. Utaenda kushoto.

Nililipeleka swali la Wilbur kijiweni kwetu. Haukuwa utafiti, ilikuwa ni soga tu, na nilinunua soda. Vijana wakajibu kama nilivyotegemea: unageuza, basi. Mmoja akasema, "Dada, kona haigeuzwi, kona inalazwa," na huyo alikuwa amekaribia. Lakini aliyenipa jibu la kukumbuka ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, ambaye zamani alibeba abiria kwa baiskeli. Nitarudi kwake.

Miaka mia mbili ya kujiuliza

Karl von Drais aliutoa mtambo wake wa magurudumu mawili mjini Mannheim mwaka 1817. Haukuwa na pedeli, ulisukuma ardhi kwa miguu. Tangu siku ile watu wakawa wanakaa juu ya kitu ambacho kikisimama kinaanguka na kikienda hakianguki, bila kujua kwa nini.

Mwaka 1869, mhandisi wa Scotland, William Rankine, profesa wa Glasgow ambaye wengi tunamjua kwa kazi zake za injini za mvuke, alianza kuandika mfululizo wa makala kuhusu mwendo wa baiskeli. Humo ndani tayari ameeleza kwamba mwendeshaji hukiweka chombo sawa kwa kuligeuza gurudumu la mbele ili kulirudisha chini ya mwili, na kwamba kona huanza kwa kugeuza upande usio wake. Kumbuka mwaka huo. Elimu hii ina zaidi ya miaka 150. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, ilishakuwa ya zamani.

Mwaka 1899 Francis Whipple wa Cambridge aliandika milinganyo kamili ya mwendo wa baiskeli, na Emmanuel Carvallo akafanya hivyo Ufaransa wakati huohuo. Kisha, kwa miongo mingi, maelezo rahisi ndiyo yaliyotawala madarasani: baiskeli haianguki kwa sababu magurudumu yanazunguka kama pia. Mwaka 1970 David Jones, mkemia Mwingereza mwenye vituko, akajaribu kuunda baiskeli isiyoendesheka. Akaifungia gurudumu la ziada lililozungushwa kinyume ili kuua nguvu ile ya pia. Aliiendesha bila shida. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Uholanzi na Marekani lilionyesha katika jarida la *Science* kwamba hata chombo kilichoondolewa nguvu ya pia, na ambacho gurudumu lake la mbele linagusa ardhi mbele kidogo ya mhimili wa usukani badala ya nyuma yake, bado kinaweza kujisawazisha chenyewe. Mgawanyo wa uzito una usemi mkubwa kuliko tulivyofundishwa.

Na kwa pikipiki hasa, mwaka 1971 Robin Sharp alichapisha uchambuzi ambao mpaka leo ndio msingi. Alionyesha njia tatu ambazo pikipiki hupoteza utulivu: kulala polepole upande mmoja, kutetemeka kwa usukani, na ile ya sehemu ya nyuma kuyumba kulia na kushoto kama samaki. Ukiona mzigo mkubwa umefungwa nyuma kabisa ya Boxer na mkia unacheza, hiyo ya tatu unaiona laivu.

Neno la kushika hapa ni *uzito, na ulipo*. Tutalihitaji.

Namna pikipiki ilivyofika kijiweni

Huku kwetu, magurudumu mawili yalianza kuwa ya watu wengi kupitia baiskeli. Usukumani baiskeli ilifuatana na hela ya pamba. Mkulima akiuza vizuri, baada ya bati na ng'ombe, ni baiskeli. Ilibeba magunia, ilibeba mgonjwa, ilibeba bibi harusi. Baadaye ikawa biashara ya abiria. Shinyanga na Mwanza baiskeli za kubeba watu ziliitwa daladala, zikiwa na kiti cha sponji kwenye keria.

Neno "bodaboda" lenyewe limezaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine palikuwa na mwendo wa kutembea, na vijana wa baiskeli wakawa wanawaita abiria kwa Kiingereza cha pale: boda kwa boda. Miaka ya 1990 Uganda ilianza kubadilisha pedeli kwa injini. Kenya ilipopunguza mzigo wa kodi kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, zikafurika. Kwetu Tanzania zilifurika miaka hiyohiyo, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, zikisimamiwa na SUMATRA wakati huo. Tangu 2019 kazi hiyo ni ya LATRA.

Kwa hiyo ndani ya muda mfupi sana, kama miaka kumi hivi, mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki walitoka kwenye baiskeli na migongo ya Hiace wakahamia nyuma ya pikipiki. Dereva kuna mahali anatakiwa kujifunza na leseni anatakiwa awe nayo, ingawa tunajua wengi wamefundishwa na rafiki jioni moja kwenye uwanja wa shule. Lakini abiria je? Abiria hakufundishwa na mtu yeyote, popote.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Alisema hivi: "Sisi wa baiskeli abiria tulikuwa tunamfundisha kabla hajapanda. Nilikuwa namwambia, ukae kama gunia la pamba. Gunia halishangai kona." Kisha akacheka. "Hawa wa pikipiki hawasemi na abiria. Wana injini, wanadhani injini ndo inakata kona."

Nilikwenda nyumbani na lile gunia kichwani.

1976: mwaka mmoja, pikipiki mbili

Ukitaka kuelewa kwa nini pikipiki ya kijiweni inafanya inavyofanya kwenye kona, uanzie mwaka 1976. Mwaka huo zilitoka pikipiki mbili ambazo watoto wake bado wako barabarani.

Ya kwanza ni BMW R 100 RS. Injini ya cc 980, nguvu ya farasi 70, na kubwa zaidi, ganda kamili la kukinga upepo lililopimwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina kule Italia. Wengi wanaihesabu kuwa mama wa aina nzima ya pikipiki: zile za mwendo kasi zinazoweza pia kusafiri umbali mrefu, watu wawili na mabegi yao, kupanda milima na kushuka, siku nzima. Ukoo huo uliendelea na mashine kama Honda ST1100 Pan-European ya mwaka 1990 na Yamaha FJR1300 ya 2001. Ziliundwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kuitafuta kona. Yaani kuna watu wanatoka nyumbani Jumapili asubuhi kwa ajili ya kona tu, hawaendi popote.

Ya pili ni Honda CG125. Hii haikuundwa kwa ajili ya Ulaya. Wahandisi wa Honda waliangalia namna pikipiki zinavyotumika kwenye nchi zinazoendelea, wakakuta zinabebeshwa kupita kiasi na oili inabadilishwa mtu akikumbuka. Wakaachana na mnyororo wa ndani wa kuzungushia vali, wakarudi kwenye fito za kusukuma, teknolojia ya zamani lakini inayovumilia. Wachina waliinakili injini hiyo kwa mamilioni. Zile SanLG na ndugu zake zilizojaa Tanzania miaka ya mwanzo ya bodaboda, ukifungua injini unakuta damu ya CG.

Halafu ikaja Bajaj Boxer ya India, nyingine iliyojengwa kwa falsafa hiyohiyo ya kazi na ubahili wa mafuta. Hapa kuna utani wa historia. R 100 RS ndiyo boxer ya kweli kiufundi: pistoni mbili zilizolala, moja kulia moja kushoto, zinapigana kama mabondia, na uzito wa injini unakaa chini. Boxer yetu ni jina tu. Silinda ni moja.

Kwa hiyo swali la "ipi bora kwenye kona" linategemea ilichoundiwa. R 100 RS ina kilo kama 230 ikiwa na mafuta, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni karibu mita 1.46. Pikipiki ya kijiweni ina kilo 110 hivi, na ekseli zake zimeachana mita 1.2 na ushee. Ile ina diski mbili za breki mbele. Hii mara nyingi ina breki za viatu zilizofichwa ndani ya habu. Ile inaingia kwenye kona taratibu, ikishaingia inatulia kama treni. Hii ni nyepesi kuigeuza, inapenya kwenye foleni ya Soko Kuu kama sindano, lakini kila kitu kinaisumbua: jiwe, upepo wa basi, na wewe.

Hesabu ya kona

Usikimbie, hesabu ni moja tu. Pikipiki ikizunguka kona, inabidi ilale kwa pembe fulani ili isianguke. Tanjenti ya pembe hiyo ni mwendo kipeo cha pili, ugawanye kwa nusu kipenyo cha kona ukizidisha na 9.81. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, kitu kama kona za kushuka vilima vyetu. Kwa kilomita 40 kwa saa, pembe ni nyuzi 23 hivi. Kwa kilomita 60 kwa saa, pembe inafika nyuzi 43.

Angalia mambo mawili.

Kwanza, mwendo umeongezeka mara moja na nusu tu, lakini pembe imekaribia mara mbili. Na tanjenti ileile ndiyo msuguano unaouhitaji kutoka kwenye tairi. Kwa nyuzi 43 unahitaji 0.94. Lami kavu na safi hukupa kati ya 0.7 na 0.9 hivi. Weka mchanga ule unaoshuka na mvua kutoka kwenye miamba ya Mwanza ukatulia kwenye kona, na namba inaanguka vibaya. Kwa hiyo waliolaumu mwendo pale barabarani hawakuwa wajinga. Mwendo unaua.

Pili, uzito haumo kabisa kwenye fomula. Pikipiki ya kilo 230 na ya kilo 110 zikipita kona moja kwa mwendo mmoja, zinalala karibu sawasawa. Hilo linawashangaza hata wenye pikipiki kubwa. Basi tofauti iko wapi?

Iko hapa. Pembe inayotakiwa si ya pikipiki peke yake. Ni ya pikipiki, dereva, abiria na mzigo, vyote vikihesabiwa kama kitu kimoja, kupitia kitovu chao cha uzito. Sasa tufanye hesabu ya siku ile. Pikipiki kilo 110, dereva 65, mimi 60. Jumla 235. Mimi peke yangu nilikuwa robo ya chombo! Tuseme nilijivuta kulia sentimita 20. Kitovu cha uzito cha wote kilihama karibu sentimita 5. Kama kilikuwa kwenye kimo cha sentimita 80 kutoka chini, hizo 5 ni sawa na kupunguza pembe kwa karibu nyuzi 4. Dereva alikuwa ameilaza kwa nyuzi 23, lakini barabara ikahesabu 19.

Kwa nyuzi 19 na mwendo uleule wa kilomita 40, kona unayoipata haina tena nusu kipenyo cha mita 30. Ni karibu mita 36. Barabara imebaki vilevile, lakini njia ya pikipiki imejifungua kuelekea nje. Kwa kuwa sisi tunapita kushoto, nje ya kona ya kushoto ni upande wa gari linalokuja.

Dereva anaweza kurekebisha kwa kuilaza zaidi. Lakini anahitaji muda wa kugundua, na anahitaji kujua kwamba dawa ni kusukuma mkono wa ndani wa usukani, si kukanyaga breki. Akikanyaga, tairi linalotumia msuguano wake wote kushika kona linaombwa pia lisimamishe pikipiki. Msuguano ni mfuko mmoja. Ukiutumia huku, kule hautoshi.

Sasa rudia hesabu ileile ukiwa umepanda R 100 RS. Pikipiki 230, dereva 80, wewe 60. Jumla 370. Wewe sasa ni moja ya sita. Ukijivuta zile sentimita 20, pembe inapotea nyuzi 2 na kidogo badala ya karibu 4. Chombo kikubwa kinakusamehe. Hiyo ndiyo tofauti ya zile pikipiki mbili ambayo mtu aliyekaa nyuma anatakiwa kuijua. Kadiri pikipiki inavyokuwa nyepesi, ndivyo abiria anavyokuwa sehemu kubwa ya mashine.

Na mishikaki? Weka abiria wawili wa kilo 60. Sasa asilimia 40 ya chombo ni watu ambao hawajashika usukani, na yule wa mwisho amekaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kabisa. Shokapu za nyuma zinakaa chini, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unaelea. Ukipanda kilima hivyo, kona inakuwa ombi tu. Sheria ya abiria mmoja ina fizikia nyuma yake, si faini peke yake.

Kwa hiyo ukae vipi?

Mzee alishasema: kama gunia. Lakini gunia lililofungwa vizuri, maana gunia legelege ni hatari kuliko mtu. Nikilitafsiri kwa lugha ya sasa ni hivi.

Panda kwa kutanua miguu kila inapowezekana. Najua gauni, najua kanga, najua heshima; nami natoka kwenye nyumba hizohizo. Siku hizi nikijua nitapanda boda nabeba suruali ya kuvaa ndani. Kama huna budi kukaa upande, mwambie dereva aende polepole kwenye kona ya upande wa miguu yako, maana hiyo ndiyo itakayokuogopesha.

Kaa karibu na dereva, usiache nafasi ya mtu katikati. Begi liwe katikati yenu au mgongoni likiwa limebana, lisining'inie upande mmoja.

Kona ikija, tazama juu ya bega la dereva la upande wa ndani. Kona ya kushoto, bega la kushoto. Usilale zaidi yake, usilale pungufu. Ukitazama huko mwili utajipanga wenyewe. Usiangalie lami chini. Mimi niliangalia lami.

Na usifanye jambo la ghafla katikati ya kona: kupokea simu, kugeuka, kurekebisha kilemba. Subiri pikipiki isimame wima.

Ukiwa dereva unayesoma hii, ya kwako ni matatu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Tazama unakotaka kutokea, siyo shimo unaloliogopa. Na rudisha ile desturi ya wazee wa baiskeli: sema na abiria kabla hajapanda. Sentensi moja inatosha.

Kijiweni tena

Yule kijana alikaa wiki nyingi bila kazi, mkono umefungwa kifuani. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, na hesabu ya tajiri haijui mtulinga. Aliporudi kijiweni watu walimtania kwamba amejifunza adabu ya mwendo. Hakubishana nao.

Nilipomaliza hesabu niliyokuonyesha hapo juu nilimfuata. Niliona aibu, kwa hiyo nilianza na Rankine na 1869, na yeye akanisikiliza kwa upole kama unavyomsikiliza mgeni. Mwisho nikasema tu: "Siku ile ni mimi nilijivuta. Pole sana, ndugu yangu."

Akasema, "Najua, dada. Nilikusikia mgongoni."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, pale watu walipokuwa wanamsema yeye.

"Ningesema abiria kaniangusha, nani angekubali?"

Alinipeleka Bugando mchana huo. Kabla sijapanda alinigeukia na kuniambia, "Haya dada msomi, ukae kama gunia." Tukapanda kilima. Kwenye kona nilitazama juu ya bega lake, na kwa mara ya kwanza nikaiona barabara inakokwenda.